Aliyepata Kura Nyingi na Aliyechaguliwa

Katika mambo ya uongozi liko swali moja ambalo wazee wa sharika hutuletea mara kwa mara, nalo ni hili: mtu akipata kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake, walakini zisifikie zaidi ya nusu ya kura zote, je, ni haki wale waliokabidhiwa kuamua wamwache yeye, wakamweka mwingine aliyepata chache? Wengine hujibu upesi kwamba si haki, maana watu wamekwisha kunena. Wengine hujibu upesi vile vile kwamba ni haki, maana sheria imeruhusu. Sisi twaona ya kuwa majibu haya yote mawili yamekwenda mbio mno. Kwa hiyo twapenda kulifikiri neno hili polepole, tukiyatazama mambo yaliyotukia katika nchi ndogo ya Vermont, kaskazini mwa Marekani, mwaka wa 1789.

Vermont ni nchi ya milima na misitu, kati ya mto Connecticut na ziwa Champlain. Sharti msomaji ajue kwanza jinsi watu wake walivyoipata ardhi yao, maana pasipo kulijua hilo hataelewa kwa nini walikasirika baadaye. Tangu mwaka wa 1749 Benning Wentworth, Gavana wa New Hampshire, alikuwa akitoa hati za ardhi katika milima hiyo, na watu wakazinunua, wakafyeka msitu, wakajenga. Hata mwaka wa 1764 mfalme wa Uingereza akaamua kwamba nchi yote ya magharibi ya mto Connecticut ni ya New York. Basi wakubwa wa New York wakasema hati zile si kitu, na mwenye kutaka kukaa katika shamba lake alipe tena. Tena mashamba yale yale wakawapa watu wengine kwa hati nyingine. Mtu aliyekwisha kung'oa visiki kwa mikono yake akamwona mgeni anakuja na karatasi mkononi, akisema, Hapa ni pangu. Hapo ndipo walipoondoka akina Ethan Allen na wenzake kuwapinga watu wa New York, na mwaka wa 1777 wenyeji wakajifanya dola yao wenyewe, wakaandika katiba. Katiba hiyo yasifiwa hata leo, kwa kuwa ilikataza mtu mzima kushikwa kuwa mtumwa, kabla ya katiba nyingine yo yote ya Marekani kufanya hivyo.

Mwaka wa 1778 wakamchagua Gavana wa kwanza, jina lake Thomas Chittenden. Alikuwa mkulima, mwenye jicho moja, mtu asiyesoma sana, lakini mwenye akili ya kuwajua watu. Gavana wa Vermont alichaguliwa kila mwaka, na kila mwaka watu walimrudisha yeye, tangu 1778 hata 1788. Wakati huo wote Vermont haikupokelewa bado katika ule umoja wa Marekani. Ilisimama peke yake, Waingereza wakiwa upande wa Kanada, na New York ikiidai, na New Hampshire nayo ikiitamani. Kuishika nchi ya namna hiyo isivunjike ilikuwa kazi ngumu, na Chittenden aliifanya. Hatuna budi kulisema hili waziwazi, maana yeye atakayesoma habari za kosa lake pasipo kujua habari za kazi yake atamhukumu vibaya.

Kosa lake lilikuwa hili. Palikuwa na eneo moja la ardhi upande wa kaskazini, lililoitwa Woodbridge kwa jina la mtu aliyeahidiwa kupewa yeye na wenzake. Watu hao hawakutimiza malipo yao. Ndipo Chittenden akampa hati ya eneo hilo Ira Allen, ndugu yake Ethan, ambaye alikuwa mtunza hazina wa dola na mkuu wa wapima ardhi. Akampa kwa siri, pasipo shauri la Halmashauri yake. Waliomtetea walisema kwamba dola ilikuwa na deni kwa Allen, na ardhi ile ilikuwa kama rehani. Yamkini ni kweli. Lakini mtoaji alikuwa Gavana, na mpokeaji alikuwa rafiki yake na mshika hazina, nao waliopaswa kuulizwa hawakuulizwa. Mwaka wa 1788 neno hilo likaletwa mbele ya Mkutano wa Wajumbe, likachunguzwa.

Hebu msomaji afikiri jinsi habari hiyo ilivyosikiwa vijijini. Watu hawa waliiasi New York kwa sababu ya hati za ardhi zilizotolewa juu ya hati nyingine. Na sasa wasikia ya kwamba Gavana wao wenyewe, mkulima mwenzao, naye ametoa hati mafichoni. Kama angaliiba ng'ombe, nadhani wangalimsamehe upesi zaidi. Kila taifa lina jeraha lake, na mtu akigusa pale penye jeraha, hata kwa kidole kimoja, maumivu yake si sawa na kuguswa mahali pengine.

Basi uchaguzi wa mwaka wa 1789 ukafika. Chittenden akapata kura nyingi kuliko ye yote, lakini kura za wengine zikijumlishwa pamoja zilizidi zake. Katiba ilisema kwamba asipopatikana mtu wa zaidi ya nusu, Halmashauri na Mkutano wa Wajumbe wakutane pamoja, wamchague Gavana kwa kura zao. Wakakutana mwezi wa Oktoba, wakamwacha Chittenden, wakamchagua Moses Robinson wa Bennington, aliyekuwa Hakimu Mkuu wa dola, mtu wa kanisa na shemasi katika usharika wake. Katika kura za watu, Robinson alikuwa nyuma ya Chittenden kwa mbali.

Je, walifanya haki?

Twaanza na hao wasemao kwamba watu walikwisha kunena. Twawauliza: walinena nini? Walinena maneno mawili kwa pamoja. Walisema, Katika watu wote twampenda Chittenden kuliko mwingine mmoja mmoja. Tena walisema, Wengi wetu twamtaka mtu mwingine, ila hatukupatana ni nani. Maneno haya mawili yote ni ya kweli, wala lile la kwanza halilifuti la pili. Mtu akisema kwamba Wajumbe waliwanyang'anya watu ushindi wao, amesikia neno moja tu. Na mtu akisema kwamba Wajumbe walitimiza mapenzi ya watu, naye amesikia neno moja tu, maana wengi hawakumtaja Robinson. Ukweli ni kwamba watu waliliacha jambo bila kulimaliza, wakawaachia wengine walimalize. Basi kazi ya hao wengine haikuwa kutangaza tu neno lililokwisha kuamuliwa. Ilikuwa ni kuamua kweli kweli, na mwenye kuamua huulizwa sababu.

Hapa lugha yetu yatufundisha kitu. Neno letu kura lina matumizi mawili. Liko la kubahatisha, kama vile mitume walivyofanya walipotafuta mtu wa kushika mahali pa Yuda. Waliwasimamisha wawili, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathiya, wakaomba, wakapiga kura, ikamwangukia Mathiya. Katika kura ya namna hiyo hakuna amwulizaye mpigaji, Kwa nini umemwacha Yusufu? Hakumwacha yeye, jambo liliwekwa mikononi mwa Bwana. Lakini kura ya Wajumbe wa Vermont ilikuwa ya namna ya pili, ambayo mtu aandika jina kwa mkono wake, kwa kulijua na kulitaka. Kura hiyo ina mwenyewe. Hatuwezi kuipiga kwa namna ya pili, kisha tukajificha katika namna ya kwanza, tukisema, Ndivyo kura ilivyoanguka.

Wala hatuwezi kujificha nyuma ya sheria. Sheria iliwapa Wajumbe ruhusa ya kumchagua Robinson, na kwa sheria ile ile wangaliweza kumchagua Chittenden. Mlango ukiwa wazi pande mbili, hauwezi kukuambia upite upande gani. Ruhusa ni jambo moja, na sababu ni jambo jingine. Twaona ya kuwa kipimo cha haki katika jambo la namna hii ni kama aliyechagua aweza kuisema sababu yake mbele ya uso wa yule aliyeachwa, na mbele ya watu waliompigia kura, wala asione haya. Kwa kipimo hicho twaamini kwamba Wajumbe wa 1789 walifanya haki. Walikuwa na sababu, nayo ilijulikana. Waliweza kumwambia mzee Chittenden: Umetutendea mema miaka kumi na moja, nasi twayakumbuka, lakini umetoa ardhi ya watu pasipo watu kujua, na yafaa mwaka huu mwingine aketi pale.

Wako wanaosema kwamba huu ni ukosefu wa shukrani. Husema kwamba upendo husitiri makosa, na ya kuwa Mkristo afundishwa katika Katekisimo Ndogo ya Luther, kwenye amri ya nane, ayachukue mambo ya jirani yake kwa upande ulio mwema. Ni kweli kabisa. Twamwona mtu akisoma habari za Woodbridge, naye ahesabu kwamba Chittenden aliona deni, akaona njia fupi ya kulilipa, wala hakukusudia uovu. Naye aliyewaza hivyo amewaza vema. Lakini kumfikiria mtu mema ni kitu kimoja, na kumpa ufunguo ni kitu kingine. Baba aweza kumsamehe mwanawe aliyepoteza fedha za mahari, akampokea mezani usiku ule ule, wala asimtume sokoni na mfuko kesho asubuhi. Msamaha wake si wa uongo kwa sababu hiyo. Ofisi si mali ya mtu, hata tuseme tukiiondoa kwake tumempokonya kilicho chake. Hiyo ni amana. Samweli, alipokuwa mzee, alisimama mbele ya Israeli akawataka waseme kama alitwaa ng'ombe wa mtu au punda wa mtu. Hakuwaambia kwanza wahesabu miaka aliyowatumikia. Alijua kwamba wingi wa miaka haulipi ng'ombe mmoja.

Tukisema haya hatusemi kama watu wa mbali. Zamani kidogo tulikuwa mwenyekiti katika kikao cha usharika fulani, watu wakichagua mzee wa kutunza mali. Aliyepata kura nyingi alikuwa mtu aliyechoma matofali ya kanisa kwa mikono yake, naye hakufika nusu. Wazee wakapewa kuamua. Wote tulijua kwamba alikuwa amemkopesha mkwewe fedha za sadaka pasipo kuliambia baraza, nazo zilikuwa hazijarudi. Wakamwacha, wakamchagua mwingine. Alipouliza kwa nini, hakuna aliyefungua kinywa. Nasi tuliokuwa kitini tukasema maneno ya jumla jumla, juu ya utaratibu na juu ya sheria ya kikao, tukafunga kwa sala. Yule mzee akaondoka akiamini kwamba ameachwa kwa ajili ya ukoo wake. Tulimtendea haki katika uamuzi, tukamtendea isivyo haki katika kunyamaza, na katika mambo hayo mawili la pili ndilo lililomwumiza. Tulimwendea baada ya miezi, tukamwambia ukweli. Alituambia kwamba angalistahimili kuusikia siku ile ile.

Tukirudi Vermont, lililotuvuta zaidi katika habari hii si tendo la Wajumbe, bali la Chittenden mwenyewe. Alikuwa na njia ya kufanya fitina. Alikuwa amewashinda wote kwa kura, naye alijulikana katika kila kijiji. Watu walikuwa wamezoea bunduki, na dola yenyewe ilizaliwa kwa kukataa maamuzi ya wakubwa. Lakini alisimama mbele ya wale waliomwacha, akasema kwamba alikuwa ameitumikia nchi tangu mwanzo wake, na kwa kuwa ameona kwamba wangemtaka mwingine, atamwachia heshima ya kazi hiyo kwa moyo mkunjufu. Nao wakamshukuru kwa utumishi wake. Kisha akarudi shambani kwake, akangoja mwaka mmoja.

Na mwaka ule haukupita bure. Katika wakati wa Robinson, wajumbe wa pande mbili walikaa pamoja juu ya ugomvi wa New York, na mwaka wa 1790 wakapatana kwamba Vermont itoe dola 30,000 za fedha kuyamaliza madai yote ya ardhi. Ugomvi uliokuwa umedumu tangu siku za mfalme ukaisha kwa hesabu ya fedha. Halafu uchaguzi ukaja tena, na safari hii watu wakampa Chittenden zaidi ya nusu ya kura zao. Robinson akaondoka kwa amani, kama mwenzake alivyoondoka mbele yake. Wengine wamesema kwamba kurudi kwa Chittenden kwaonyesha kuwa Wajumbe walikosea mwaka wa 1789. Sisi twaona kinyume. Watu walimrudisha mtu aliyekwisha kuonywa, naye alikubali kuonywa; mtu huyo si yule yule waliyekuwa naye kwanza. Januari 1791 yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa mkutano wa Bennington uliokubali katiba ya Marekani, na tarehe 4 Machi mwaka huo Vermont ikapokelewa kuwa jimbo la kumi na nne. Robinson akatumwa kuwa mmoja wa masenata wake wawili wa kwanza. Chittenden alikaa katika kazi yake mpaka mwaka wa 1797, mwaka aliokufa.

Lakini mtu asidhani kwamba sheria ile huzaa matunda mema sikuzote. Mwaka wa 1813, wakati wa vita vya Marekani na Uingereza, watu wa Vermont waligawanyika vibaya juu ya vita hivyo. Waliosimama kugombea ugavana walikuwa Jonas Galusha, aliyeipenda vita, na Martin Chittenden, aliyeipinga. Martin alikuwa mwana wa mzee Thomas. Na Galusha alikuwa amemwoa binti wa mzee huyo huyo. Basi walikuwa mashemeji. Galusha akapata kura nyingi kuliko Martin, lakini hakuvuka nusu. Jambo likaenda kwa Wajumbe kama lilivyokwenda mwaka wa 1789, wakamchagua Martin kwa kura 112, na Galusha akapata 111.

Ukitazama kwa nje, mambo haya mawili ni ndugu: katiba ya namna moja, kura za watu zisizotosha, wa pili akawekwa mahali pa wa kwanza. Lakini uliza sababu. Mwaka wa 1789 palikuwa na hati ya Woodbridge, kitu ambacho mtu aliweza kukionyesha kwa kidole. Mwaka wa 1813 Galusha, aliyekuwa amekwisha kuwa Gavana miaka minne mfululizo, aliachwa kwa kuwa waliomchukia walikuwa wengi kwa mtu mmoja. Hatusemi kwamba Martin hakuwa mtu mwema, wala kwamba Galusha angaliongoza vizuri zaidi. Twasema tu kwamba wale 112, kama wangaliitwa mmoja mmoja kumwambia Galusha sababu yao, wangalikuwa na neno moja tu la kusema, yaani, Wewe si wa upande wetu. Na kwa mtu aliyetangulia katika kura za watu, neno hilo halitoshi.

Sheria hiyo ingaliko Vermont hata leo. Iliwahi kuwatesa: mwaka wa 1835 Wajumbe walipiga kura mara 63 wasipate Gavana, hata ikabidi naibu ashike kazi. Mwaka wa 1853 walimchagua tena mtu wa pili, John S. Robinson, naye alikuwa mjukuu wa Moses Robinson. Tangu hapo, katika ugavana, wamemchagua yule aliyetangulia katika kura za watu, na hivyo ndivyo walivyofanya Januari 2015, walipomchagua Peter Shumlin kwa kura 110 juu ya 69 za mwenzake, ijapokuwa hakufikia nusu ya kura za watu. Wako waliotaka kifungu hicho kifutwe. Sisi hatuna neno la kuwashauri watu wa Vermont. Ila twaona kwamba desturi yao imewafunga zaidi kuliko katiba yao inavyowafunga: mwenye kutaka kumwacha wa kwanza sasa aona kwamba ni lazima awe na sababu kubwa sana, sababu ya namna ya Woodbridge, na asipokuwa nayo huona haya.

Mzee Moses Robinson alikufa huko Bennington mwezi wa Mei mwaka 1813. Hakuiona Oktoba ya mwaka ule, wala hakuulizwa na mtu yule mwana wa mpinzani wake wa zamani amtazameje shemeji yake usoni.